Karatasi za Kabambare na Nyumba Kubwa za Vitabu

Siku hizi katika vyuo vikuu vya dunia watu wanaulizana swali moja: maktaba, yaani nyumba ya vitabu, ina kazi gani? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Maktaba ni nyumba ya kuwekea vitabu, basi. Lakini sasa vitabu vingi vyasomwa katika mashine, na wakubwa wa vyuo wanaondoa makabati, wanaweka meza na viti, wanabomoa kuta, wanapanua madirisha. Wengine wanafurahi, wengine wananung'unika.

Labda mtu wa Kasongo au wa Kabambare atasema: "Maneno hayo yatuhusu nini sisi? Tuna shida ya barabara, shida ya dawa, shida ya mishahara ya walimu. Wenye vyuo vikuu na wajadiliane wenyewe habari za makabati yao." Twamjibu ndugu huyo kwa heshima: yatuhusu sana. Maana sehemu kubwa ya habari za nchi yetu haimo katika nyumba zetu, imo katika nyumba hizo za mbali. Jinsi nyumba hizo zitakavyogeuzwa ndivyo tutakavyozipata habari zetu, au tutakavyozikosa. Twataka kulionyesha jambo hilo kwa mifano ya kweli, tukianza hapa kwetu.

Wino wa zingefuri

Mwezi wa Septemba 1869 Mskoti David Livingstone, mganga na mhubiri wa Kiprotestanti, aliingia Maniema akifuatana na wafanya biashara waliotoka Ujiji. Alikuwa akitafuta njia za mito: alitaka kujua kama Lualaba ndio mwanzo wa mto Nili. Alifika katika mji ambao yeye aliandika jina lake Bambarre, nao ndio Kabambare yetu. Mwaka uliofuata alishikwa na vidonda vya miguu, akashindwa kutembea, akakaa hapo tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871. Katika siku hizo ndefu hakuwa na maktaba. Mwenyewe aliandika kwamba wakati wa kukaa kwake Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne.

Karatasi zikamwishia, wino nao ukamwishia. Akafanya kama afanyavyo maskini yeyote: akatumia alichokuwa nacho. Akatwaa karatasi kuukuu zilizokwisha kupigwa chapa, akaandika maneno yake juu ya maneno ya chapa. Wino wa kizungu ulipokosekana alitumia maji ya mbegu aliyoiita zingifure, nayo ni zingefuri, ile mbegu nyekundu ya kutilia rangi. Tarehe 5 Februari 1871 aliandika barua pale Kabambare kwa rafiki yake Horace Waller, juu ya karatasi za namna hiyo.

Kisha akaenda Nyangwe. Huko, juu ya gazeti la London liitwalo The Standard, la tarehe 24 Novemba 1869, aliandika mambo ya tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo watu wa mfanya biashara Dugumbe waliwapiga bunduki watu waliokuwa sokoni kando ya Lualaba, wengi wao wanawake. Wengine waliuawa pale pale, wengine walikufa majini wakikimbia. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hao ni wazee wa wazee wetu.

Livingstone alifariki mwaka 1873. Daftari zake zikachukuliwa mpaka Uingereza, na mwaka 1874 Waller akazipanga na kuzipiga chapa katika kitabu. Kitabu hicho kilisomwa na watu wengi sana. Lakini zile karatasi zenyewe zilikaa tu. Miaka ikapita, wino wa mbegu ukafifia, chapa ya gazeti ikabaki nyeusi. Mtu aliyezifungua aliweza kusoma habari za London vizuri sana, ila kilio cha Nyangwe hakukiona.

Kitabu cha mtu wa Kasongo

Mfano wa pili ni wa Kasongo. Kila mtoto wa hapa amesikia jina la Tippu Tip, ambaye jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Karibu na mwaka 1875 alijifanyia makao Kasongo, akatawala njia za pembe za ndovu na za watumwa. Kasongo ya wakati ule ndiyo ile tunayoiita Tongoni. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis waliingia katika mji huo, na enzi ya Waarabu na Waungwana ikavunjika. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Unguja.

Katika uzee wake Mdachi mmoja, Heinrich Brode, alimhimiza aandike habari za maisha yake. Akaandika, tena kwa Kiswahili. Maneno yake yalipigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kidachi, katika jarida la shule ya lugha za mashariki. Yeye alifariki mwaka 1905. Mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley aliyatoa tena kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Na mwaka 1974 Padri François Bontinck, mmisionari wa Scheut aliyefundisha katika chuo kikuu cha Kinshasa, alitoa tafsiri ya Kifaransa, akaongeza maelezo mengi.

Angalieni jambo hili. Kitabu kimeandikwa kwa Kiswahili, lugha tunayoisemea sokoni na kuisalia kanisani. Kinataja mito tunayovuka na makabila tunayotoka. Si kitabu cha mtu mwema. Mwenye kuuza watu ndiye anayesema, naye asema kwa kujisifu. Ndiyo sababu yafaa wajukuu wa waliouzwa wakisome na kukipima. Lakini mpaka leo aliye rahisi kukipata ni mwanafunzi wa Brussels au wa London, wala si mwanafunzi wa Kasongo.

Watoto waliohesabiwa

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi, na wazee wengi wanaukumbuka. Tangu miaka ya 1970 waganga wa Chuo cha Maradhi ya Nchi za Joto cha Antwerpen, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo pamoja na wauguzi wa hapa, wakipanga vituo vya afya vijijini na kutoa chanjo. Mwaka 1981 waliandika makala katika The Lancet, jarida la waganga linalotolewa London. Hawakutia majina yao mmoja mmoja. Walijiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya Kundi la Mradi wa Kasongo, na hivi jina la mji wetu likaingia katika maktaba za waganga ulimwenguni.

Walikuwa wamewafuata watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35, waliopata chanjo ya surua na wasioipata. Waliona chanjo imepunguza vifo katika umri ule ambao surua hushambulia zaidi. Lakini wakauliza pia: je, mtoto dhaifu aliyeokoka na surua hachukuliwi baadaye na ugonjwa mwingine? Swali hilo lilizusha mabishano ya miaka mingi kati ya mabingwa. Mabishano hayo yalifanyika juu ya watoto wetu, juu ya kadi walizozibeba mama zao mkononi kwenda kituoni. Basi, ni mama wangapi kati ya hao waliopata hata mara moja kuambiwa karatasi ile yasema nini?

Hii ndiyo mifano yetu mitatu: barua na daftari, maisha ya mtawala, hesabu ya watoto. Yote mitatu ilizaliwa kusini mwa Maniema, na yote imehifadhiwa mbali. Hatusemi iliibwa. Pengine kama ingebaki hapa isingeonekana leo, kwa sababu ya mchwa, mvua na vita. Mwaka 1964 waasi walipita Kasongo na Kabambare. Tena tangu mwaka 1996 mpaka 2003 nchi ilikanyagwa na majeshi mengi. Karatasi haina miguu ya kukimbilia porini. Lakini kuhifadhi ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kumfikishia msomaji, na kwa ajili ya nusu hiyo ya pili twaangalia sasa jinsi nyumba za vitabu zilivyokuwa na zinavyogeuka.

Vitabu vya minyororo na vitabu vya moto

Zamani Ulaya, kabla ya mitambo ya kupiga chapa, kitabu kimoja kiliandikwa kwa mkono miezi mingi, na bei yake ilikuwa kubwa sana. Kwa hiyo vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye kabati. Hata leo katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, yaonekana maktaba ya namna hiyo, minyororo ikiwa bado mahali pake. Msomaji alikifuata kitabu. Kitabu hakikumfuata msomaji. Hatuwacheki watu hao. Walikuwa na kitu adimu, wakakilinda. Shida ni kwamba chapa ilipokuja na vitabu vikawa vingi, mawazo ya mnyororo yalibaki katika vichwa vya watu. Maktaba nzuri ikahesabiwa kuwa ile yenye vitabu vingi zaidi.

Habari za Leuven zatufundisha jambo hapo. Leuven ni mji wa Ubelgiji, na chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1425. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1914 askari wa Kidachi waliichoma moto maktaba yake. Vitabu zaidi ya 200,000 viliungua, pamoja na maandiko ya mkono ambayo hayakuwa na mfano mahali pengine. Watu wa nchi nyingi walitoa vitabu na fedha. Wamarekani walijenga nyumba mpya, ikafunguliwa mwaka 1928. Mwezi wa Mei 1940, katika vita vya pili, nyumba hiyo nayo ikaungua, vikapotea vitabu karibu 900,000.

Msiba wa tatu haukuwa wa moto. Walitokea ugomvi mkubwa wa lugha kati ya Wabelgiji wanaosema Kiflamandi na wanaosema Kifaransa. Mwaka 1968 ikaamuliwa chuo kigawanyike, Wafaransa waende kujenga mji mpya, Louvain-la-Neuve. Vitabu navyo vikagawanywa, vingi kwa namba: vyenye namba witiri, kama 1, 3, 5, upande mmoja, vyenye namba shufwa, kama 2, 4, 6, upande wa pili. Hivyo hata kazi za mwandishi mmoja ziliweza kutengana, hizi zikabaki na hizi zikahama. Kwa hesabu kila upande ulipata haki yake. Kwa msomaji, hasara tupu.

Twayataja haya kwa kuwa chuo hicho ndicho mzazi wa chuo kikuu cha kwanza cha Kongo. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 juu ya mlima Amba, karibu na mji ulioitwa Léopoldville, na jina lake ni jina la Leuven kwa Kilatini. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa Monsinyori Luc Gillon. Mwaka 1967 akamfuata Mkongo wa kwanza, Monsinyori Tharcisse Tshibangu. Chuo cha serikali kilikuwako Élisabethville, ndiyo Lubumbashi, na mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chao Stanleyville, ndiyo Kisangani.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vyote vitatu kuwa kimoja, ikagawanya masomo kwa miji. Masomo ya historia na ya lugha yakapelekwa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa. Kijana aliyetaka kusoma historia hakuwa na budi kwenda huko. Mwaka 1974 masomo ya teolojia yakatolewa katika chuo cha serikali, na Kanisa likayachukua peke yake. Mwaka 1981 vyuo vikatenganishwa tena. Basi tumeona: Leuven waligawanya vitabu, Kongo tuligawanya masomo. Pote waliopanga waliangalia ramani na hesabu. Mtu aliyekaa mezani akitafuta kujua, huyo alisahauliwa.

Nyumba zinazogeuzwa leo

Tuje sasa katika mambo ya siku hizi. Huko Leuven, mwaka 2013, chuo kilifungua nyumba iitwayo Agora. Hiyo haikujengwa kwa ajili ya makabati. Wanafunzi hukaa humo kwa vikundi, huzungumza, huandika ubaoni, na wanaotaka kimya wana vyumba vyao. Kule Louvain-la-Neuve nyumba iliyojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya vitabu vya sayansi ilifunguliwa upya mwaka 2017 ikiwa jumba la makumbusho la chuo.

Karibu nasi zaidi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China. Rais Magufuli aliifungua mwezi wa Novemba 2018. Ilitangazwa kwamba yaweza kupokea vitabu 800,000, na watu zaidi ya 2,000 waweza kukaa humo kwa wakati mmoja. Zamani wangetaja vitabu peke yake. Sasa nafasi za kukaa zatajwa pamoja na vitabu, na hilo ni badiliko la fikira.

Kuna sababu zake. Mwanafunzi wa leo aweza kusoma makala katika simu yake, hana haja ya kuja maktabani kwa ajili ya karatasi. Lakini chumbani kwake hana meza, hana kimya, hana taa, hana wa kumwuliza. Kumbe anavyovikosa ndivyo vitu ambavyo maktaba yaweza kumpa. Sisi tunaofundisha katekismu twalijua jambo hilo tangu zamani. Watoto wengi hawashindwi kwa ubovu wa akili. Washindwa kwa sababu jua likizama nyumbani kuna moshi, kelele na koroboi isiyo na mafuta. Mpe mtoto huyo benchi na mwanga wa saa moja, utaona mtu mwingine.

Nuru juu ya karatasi ya Kabambare

Na zile karatasi za Livingstone? Hapa habari njema kidogo. Mtaalamu Adrian Wisnicki na wenzake walikusanya nguvu za maktaba na vyuo: Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Chuo cha Birkbeck cha London, na wengine. Walizipiga picha karatasi zile mara nyingi, kila mara kwa nuru ya rangi nyingine, hata kwa nuru ambayo jicho la mtu haliioni. Wino wa mbegu na wino wa chapa haviipokei nuru kwa namna moja. Huu ukififia katika nuru nyekundu, ule waonekana. Katika nuru nyingine mambo hugeuka. Kisha kwa mashine ya kompyuta walitenga mwandiko na chapa, na maneno yaliyopotea yakatokea.

Ile barua ya Kabambare ilitolewa hadharani mwaka 2010. Maandiko ya Nyangwe yalitolewa mwezi wa Novemba 2011, yakahifadhiwa katika maktaba ya mtandao ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ili kila mtu ayasome bila kulipa. Na ilionekana kwamba maneno yaliyoandikwa papo hapo hayafanani kila mahali na yale ya kitabu cha mwaka 1874. Katika daftari ya kwanza kuna mambo yanayotia maswali juu ya mwenendo wa watu wa Livingstone mwenyewe. Kumbe kwa miaka zaidi ya 130 dunia ilisoma habari za Nyangwe zilizokwisha kusafishwa.

Fikirini basi. Maktaba iliyo upande wa pili wa dunia, bila kuwa na karatasi yenyewe, bila kumdai mtu barua ya ruhusa, yamwonyesha kila mtu maneno yaliyoandikwa Maniema. Hiyo ni maktaba ya namna mpya kweli kweli. Haikukusanya, ilifungua. Nasi twasema wazi fikira yetu: nyumba ya vitabu isihesabiwe kwa wingi wa vitabu vilivyomo, bali kwa watu inaowafikia, na kwanza wale ambao vitabu hivyo vyasema habari zao.

Yanayopungua

Lakini tusishangilie upesi. Mlango umefunguliwa, ila njia ya kuufikia bado ina miiba.

Kwanza, maandiko yale yako kwa Kiingereza. Mtu wa Nyangwe akiyafungua ataona picha nzuri za karatasi, basi. Pili, mashine yataka umeme, mtandao na fedha. Kijana aweza kuwa na simu, lakini kusoma kurasa mia katika simu ndogo, huku akihesabu fedha zinazoliwa na mtandao, si kusoma. Tatu, wako wakubwa wanaosikia kwamba vitabu vimo katika mashine, nao husema: "Basi hakuna haja ya maktaba." Hilo ni kosa kubwa. Leuven walipotoa makabati, walitia meza, taa, joto na watu wa kusaidia. Mahali ambapo hakuna makabati tangu mwanzo, kusema kwamba makabati yamepitwa na wakati ni kumnyima chakula mtu mwenye njaa kwa kumwambia kwamba matajiri siku hizi wanakula kidogo.

Nne, wataalamu wanapokuja kwetu kuuliza na kuhesabu, desturi yao ni kupeleka kazi yao kwenye chuo chao na kwenye jarida lao. Wachache hurudisha nakala. Wengine hawana ubaya moyoni. Hawakuona kwetu mahali pa kuiweka. Na hapo lawama inatugusa sisi pia. Nakala ikiletwa leo Kasongo au Kabambare, tutaiweka wapi?

Yanayotupasa

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lafaa kwa fedha, na lafaa zaidi kwa historia. Twaona mambo manne ambayo hayangoji serikali wala wageni.

La kwanza ni chumba. Hatusemi jumba la Dar es Salaam. Twasema chumba kimoja chenye bati lisilovuja, meza ndefu, mabenchi, madirisha makubwa, na taa ya nguvu za jua. Kifunguliwe jioni, saa ambayo wanafunzi wametoka shambani na shuleni. Kisiwe cha Wakatoliki peke yao. Mtoto wa Mwislamu na wa Mprotestanti wakae benchi moja na wetu, maana historia ya Kasongo ni yao wote. Awepo mtu mmoja wa kukaa humo na kujibu, hata kwa saa mbili.

La pili ni nakala. Vijana wetu wanasoma Kindu, Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa. Kila mmoja akirudi likizo na alete karatasi moja inayohusu kusini mwa Maniema: kurasa za Tippu Tip kwa Kiswahili chake, barua ya Kabambare, makala ya mwaka 1981 juu ya chanjo. Kwa miaka mitano kabati itajaa. Na mtaalamu akija kuuliza maswali, wakubwa wa mahali wamwambie kwa adabu: "Karibu, bwana, nakala ya kazi yako itakaa humu."

La tatu ni tafsiri. Watu wenye Kifaransa na Kiingereza wako kati yetu. Watafsiri kwa Kiswahili chepesi, hicho cha kwetu, siyo cha kutisha watu. Habari ya soko la Nyangwe isomwe Nyangwe kwa sauti, wazee wakiwa wamekaa, ili waseme: hili ndilo walilotuambia babu zetu, na hili sivyo. Hapo maktaba itapata kitu ambacho Los Angeles hawana.

La nne ni kuandika wenyewe. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe wawe na daftari ya habari katika kila misheni: nani alifika, mvua ilinyesha lini, njaa ilianza lini, vita vilipita lini. Kwa sababu ya agizo hilo habari nyingi za misheni za kale zasomeka leo Roma. Desturi hiyo isife mikononi mwetu. Kila jumuiya iwe na daftari, tena mbili: moja ikae kijijini, ya pili parokiani, ili moto wa hapa usile pote. Leuven walipata akili hiyo kwa kulia.

Kuna atakayesema kwamba mambo haya yangoje mpaka tumbo lishibe. Twamkumbusha wale watoto wa Kasongo. Kama wauguzi wasingeandika jina, umri na tarehe ya chanjo katika kadi, nani angejua ni watoto wangapi waliokoka, na nani angeuliza wengine wanakufa kwa nini? Kuandika na kusoma kulikuwa ni sehemu ya dawa.

Wasomaji wapenzi, wakubwa wa vyuo vikuu na waendelee kupanga upya vyumba vyao. Yawezekana kazi yao itatufaa. Lakini nyumba kubwa hata ikifungua milango yote haiwezi kutoka ilipo na kuja Kabambare. Sisi ndio wa kwenda kuchukua, kutafsiri, kuweka mezani na kuwasha taa. Tuanze na meza.